Kutoka Bagamoyo hadi Daraja la Kigamboni kwa mashua: hatua kwa hatua

Ukikaa ufukweni Bagamoyo, karibu na soko la samaki ambako mafundi wanaunda vyombo, huoni daraja lolote. Unaona mashua zimelala ubavu kwa sababu maji yamepwa, na mbele yake bahari tupu. Madaraja yako kusini, mwendo wa siku moja, na watu wengi wa pwani hii wameyavuka mara mia wakiwa ndani ya daladala bila kuyaona hata siku moja kwa upande wa maji. Kwangu mimi, daraja ambalo hujalitazama ukiwa chini yake bado hujalijua.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mashua ya tanga moja na injini ndogo ya kusaidia. Tutapita mbele ya Daraja la Tanzanite, tutachungulia la Selander lililo nyuma yake, kisha tutaingia bandarini Dar es Salaam mpaka chini ya Daraja la Nyerere, lile ambalo wengi tunaliita la Kigamboni. Kwa mstari ulionyooka ni kama maili 33 za bahari, yaani kilomita 60 hivi. Panga siku mbili.

1. Chagua msimu, halafu chagua maji

Nenda wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Kutoka Bagamoyo unaelekea kusini mashariki, na upepo wa kaskazi unakupiga ubavuni upande wa kushoto, mahali ambapo tanga letu hufanya kazi vizuri kuliko popote. Wakati wa kusi upepo unakujia usoni, na mkondo wa pwani, ambao hapa kwetu huelekea kaskazini mwaka mzima, unapata nguvu zaidi. Utabisha, yaani utakwenda kwa kukata kona kona dhidi ya upepo, kutwa nzima na jioni bado unaiona Bagamoyo.

Sasa maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hupita mita 3, na mkondo ndani ya mkono wa bahari unakuwa mkali. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hushuka hadi karibu mita moja na mkondo unatulia. Kwa safari ya kwanza ya kupita chini ya daraja, chukua maji mafu. Wavuvi watakwambia jambo ambalo halihitaji kitabu: siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi na kupwa karibu na saa nne. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yanajaa saa nne na kupwa saa kumi. Ratiba yote ninayoitoa hapa imekaa juu ya hilo, lakini saa zenyewe zihakikishe kwenye jedwali la maji la mwaka husika, maana kila siku husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 hivi.

2. Pima ncha ya foromali, usipime mlingoti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokosea.

Nilikuwa baharia kijana kwenye chombo cha mjomba wangu. Tuliingia mkono mmoja wa bahari wenye daraja la chini, tukiwa na shehena ya chumvi, maji yanaelekea kupwa. Tulishusha foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, nusu tu, tukapita vizuri, tukashusha mzigo. Wakati wa kutoka tukafanya vilevile, foromali nusu, kwa sababu tulishapita. Chombo sasa kilikuwa kitupu, kimeelea juu. Maji nayo yalikuwa yanajaa. Nilisikia mlio kama wa mtu anayepasua kuni, nikatazama juu, nikaona ncha ya foromali imejikita kwenye boriti ya zege na mkondo unatusukuma mbele. Mjomba aliikata henza, kamba ya kutwekea tanga, kwa panga, tanga likaanguka lote juu yetu. Hakuna aliyeumia. Foromali ilikuwa na ufa wa urefu wa mkono. Jioni akaniuliza, "Mjomba, ulipima wapi?" Nikamjibu kwamba nilipima mlingoti.

Kwenye mashua yetu mlingoti ni mfupi. Kinachokwenda juu kabisa ni ncha ya nyuma ya foromali pale tanga linapotwekwa. Kwa hiyo fanya hivi, siku yenye utulivu, chombo kikiwa kitupu na kinaelea:

Chukua kamba isiyonyumbuka, ipige fundo kila mita moja. Mwisho mmoja funga chubwi ya kuvulia, ile nzito. Mwisho mwingine ufunge kwenye ncha ya foromali. Tweka tanga mpaka mwisho kama unavyosafiri siku zote, acha kamba ining'inie wima, na mtu akae ndani ya mtumbwi pembeni ahesabu mafundo kutoka juu mpaka usawa wa maji. Andika. Kisha tua foromali yote ilale ndani ya chombo, na upime tena, safari hii kutoka kilele cha mlingoti. Andika pia, ukijumlisha kila kilichopachikwa juu yake: taa, bendera, antena ya redio. Tuseme umepata mita 12 na nusu tanga likiwa juu, na mita 7 tanga likiwa chini. Namba ya kuingia nayo chini ya daraja ni ile ya 7, na ile ya 12 na nusu ibandike mbele ya macho ya yeyote anayeshika sukani ili asisahau.

Pima ukiwa mtupu hata kama utasafiri na mzigo. Chombo kitupu ndicho kirefu zaidi juu ya maji.

3. Ulizia uwazi wa daraja, na uliza umepimwa kutoka wapi

Kila daraja linalopitiwa na vyombo lina kimo cha uwazi: umbali kutoka usawa wa maji hadi sehemu ya chini kabisa ya daraja juu ya njia ya vyombo. Kwenye ramani za bahari kimo hiki hupimwa kutoka maji makubwa, kwa hiyo maji yakipwa unaongezewa nafasi. Lakini kibao kilichopigiliwa kwenye nguzo au namba uliyopewa kwa mdomo inaweza kuwa imepimwa kwa njia nyingine. Nenda ofisi ya bandari, taja daraja, na uulize maswali mawili: uwazi ni mita ngapi, na ni kutoka maji yapi?

Ili ujue maji yameshuka kiasi gani katikati ya kujaa na kupwa, tumia hesabu ya kumi na mbili. Gawa tofauti ya siku hiyo kwa 12. Saa ya kwanza maji hushuka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 1.2, kila sehemu ni sentimita 10, na baada ya saa tatu yameshuka sentimita 60. Tofauti ikiwa mita 3.6 siku ya bamvua, kila sehemu ni sentimita 30, na katika saa ya tatu peke yake yanashuka sentimita 90. Hapo unaona kwa nini mkondo ni mkali katikati ya maji na mpole mwanzoni na mwishoni.

Mimi hujiachia mita moja na nusu ya akiba. Wimbi la boti iendayo kasi likija wakati uko chini ya boriti, utafurahi kuwa nayo.

4. Karatasi na vifaa

Cheti cha chombo kutoka TASAC, shirika la uwakala wa meli la Tanzania, kiwe hai, jaketi okozi kwa kila aliyemo, redio ya VHF iwe chaneli 16, taa, nanga mbili na kamba ya kutosha, upondo (mti mrefu wa kusukumia chombo), kasia. Tazama utabiri wa bahari wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, jioni kabla ya kuondoka na asubuhi tena. Toa taarifa bandarini Bagamoyo kwamba unakwenda Dar, na mwachie mtu wa nyumbani saa unayotarajia kufika.

5. Siku ya kwanza: Bagamoyo hadi ghuba ya Msasani

Ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare, maji yakipwa chombo kinakaa kavu. Ondoka maji yakiwa juu, saa tatu au saa nne asubuhi siku za maji mafu. Toka nje kwanza, usikate kona karibu na Kaole. Ukishapata kina, weka tanga lako na uache kaskazi ifanye kazi. Kwa mwendo wa fundo tano, yaani maili tano za bahari kwa saa, utaiona Ras Kiromoni, kisha kisiwa cha Mbudya mbele ya Kunduchi, halafu Bongoyo, na alasiri utakuwa ghuba ya Msasani.

Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari, kuna ada ya kushuka na kuna taratibu. Usidondoshe nanga juu ya matumbawe. Tafuta mchanga, na kama hujui ulipo, waulize wavuvi wa Msasani, watakuonyesha kwa kidole. Lala hapo.

6. Asubuhi: Tanzanite kwa upande wa jua

Zunguka rasi ya Msasani mapema. Ukifika upande wa Oysterbay, jua la asubuhi liko mgongoni mwako na Daraja la Tanzanite liko mbele, lote limewaka. Saa hiyo ndiyo ya kulitazama. Mchana weupe wa zege unachanganyika na weupe wa mji.

Daraja hili lina urefu wa kilomita 1.03 na lilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 24 Machi 2022, kupunguza foleni iliyokuwa inalielemea Daraja la Selander. Jina limetoka kwenye madini yanayochimbwa Mererani. Abiria wa gari huona barabara na reli za pembeni tu. Sisi tulio majini tunaona miguu: safu ya nguzo inayotoka upande wa Oysterbay, ikakatiza maji na kutua karibu na Hospitali ya Aga Khan. Tazama nguzo zinazotokeza juu ya barabara. Ni fupi kwa daraja la ukubwa huo, na nyaya zake zimelala, hazijasimama wima. Fupi hivyo zinasaidia tu, kazi kubwa ya kubeba inafanywa na zege lenyewe la daraja. Kumbuka umbo hilo, maana mchana utaona kinyume chake.

Kaa mbali, usitafute njia ya kupita chini. Eneo lile ni la maji mafupi, kuna tope na mafungu ya mchanga yanayotokea Mto Msimbazi, na maji yakianza kupwa unaweza kubaki hapo mpaka jioni. Ukiwa na darubini, chungulia katikati ya nguzo, utaona nyuma yake Daraja la Selander, dogo na la chini, na mikoko nyuma yake. Limepewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma wakati wa Tanganyika. Kwa miaka mingi daraja hilo ndilo lilikuwa uso wa mji kwa anayetoka baharini. Sasa linaonekana kupitia miguu ya mdogo wake.

7. Kuingia bandarini

Hapa tua tanga kabisa na uwashe injini. Lango la bandari ya Dar es Salaam ni jembamba na lina kona, meli kubwa haiwezi kukukwepa, na sheria ya bahari inakutaka wewe mdogo usiizuie. Wasiliana kwa redio kabla ya kuingia, sema wewe ni nani, unakwenda wapi, na uombe ruhusa ya kupanda mpaka Kurasini. Ukiambiwa subiri, subiri nje.

Ukiruhusiwa, kaa upande wako wa kulia. Mbele utakutana na vivuko vya Magogoni na Kigamboni. Usijaribu kukatiza mbele ya kivuko, pita nyuma ya tezi yake. Dakika chache tu na njia inakuwa wazi.

Simu na kamera ziweke ndani mpaka umalize eneo la bandari. Kuna maeneo ya jeshi na ya ulinzi pande hizo, na kueleza kwamba ulikuwa unapiga picha ya daraja hakutakusaidia.

Saa ya kuingia ni muhimu kuliko yote niliyosema. Unataka kufika darajani mwisho wa maji kupwa. Wakati huo maji bado yanatoka, yaani yanakuja usoni mwako, lakini yamechoka. Chombo kinachokwenda dhidi ya mkondo kinasikia sukani hata kikienda polepole, na ukitaka kusimama unapunguza injini tu, maji yanakushika. Kinachosukumwa na mkondo kutoka nyuma hakina breki. Tena maji yakiwa chini unapata uwazi mkubwa. Siku ambayo maji yanapwa saa kumi, ingia lango saa nane, uwe darajani saa tisa na nusu. Ubaya wa saa hiyo ni kina: pembezoni mwa njia kuna tope, kwa hiyo usitoke kwenye njia.

8. Chini ya Daraja la Nyerere

Ukishaziacha gati na meli, mkono wa bahari unaendelea kuingia ndani, na hapo linajitokeza. Kwa baharia wa jahazi ni daraja rahisi kulielewa kuliko yote. Ni milingoti na kamba. Nguzo mbili ndefu zimesimama, na kutoka kwenye kila moja nyaya zinashuka pande zote mbili kuishika barabara, kama kamba zinavyoushika mlingoti usilale. Nguzo ikiwa ndefu, waya unakuwa na mteremko mkali na unavuta kwenda juu. Linganisha na Tanzanite ya asubuhi. Kwa njia hii wahandisi waliweza kuacha katikati pakiwa wazi bila mguu, na katikati hapo ndipo unapopita wewe.

Lina urefu wa mita 680 na njia sita za magari, na lilifunguliwa na Rais John Magufuli mwezi Aprili 2016. Fedha za ujenzi zilitoka NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na Serikali. Kabla yake mtu wa Kigamboni alikuwa na mawili: kivuko, au kuzunguka Kongowe.

Mita mia mbili kabla, fanya haya. Foromali iwe imelala na imefungwa, na uangalie ncha zake zisitokeze pembeni zikagonga nguzo. Mtu mmoja akae omo, yaani mbele ya chombo, na upondo. Elekeza omo katikati ya uwazi mkubwa, mapema, usisubiri kufika. Usitazame juu. Narudia, usitazame juu ukiwa umeshika sukani: kutoka chini, kilele cha mlingoti siku zote kinaonekana kwamba kitagonga, hata kama una mita tano za akiba, na nimeona manahodha wazima wakigeuza sukani kwa hofu hiyo na kwenda kwenye nguzo. Uliamini kamba yako ya mafundo ulipokuwa Bagamoyo, iamini na hapa.

Karibu na nguzo maji yanazunguka, na upepo unakatika ghafla kisha unarudi kwa upande mwingine. Chombo kikisogea kwenye nguzo sukuma kwa upondo, kamwe usisukume kwa mkono. Chaza walioganda kwenye zege wanakata kama wembe.

Halafu unaingia kivulini. Joto linashuka mara moja. Juu yako magari yanapiga maungio ya barabara, tu-tup, tu-tup, kila ekseli mara moja, na lori unalitambua kwa hesabu ya mapigo. Harufu ya bahari inabadilika, inakuwa ya zege bichi na tope. Ni nusu dakika, halafu jua tena.

Ukitoka upande wa pili geuza kwa nafasi, shika mkondo kwa injini, na hapo ndipo utazame juu. Subiri maji yasimame na yaanze kujaa. Yakianza kuingia, rudi. Sasa tena yanakuja usoni mwako wakati unatoka, na faida ni ileile. Usikawie zaidi ya saa moja baada ya maji kugeuka, na uwe umeshapita Magogoni kabla ya saa kumi na mbili, jua halijazama.

9. Ukitaka mengine

Kwa Bagamoyo penyewe, daraja la karibu ni la Mto Ruvu kwenye barabara ya Msata. Lione kwa barabara. Mto ule una mamba na viboko, na mlango wake una mafungu yanayohama.

Ukielekea kaskazini, Pangani kunajengwa daraja la mita 525 mahali ambapo watu wamekuwa wakivuka kwa kivuko kwenda Bweni. Karibu na daraja linalojengwa kuna nyaya za kreni, majahazi ya kazi na vyuma vilivyozama nusu, kwa hiyo omba maelekezo kivukoni kabla ya kuingia mtoni, na uuvuke mlango wa mto maji yakiwa yamejaa.

Mombasa subiri kusi, baada ya mvua za masika, na ukamilishe taratibu za uhamiaji na forodha pande zote mbili. Ukishaipita Bandari ya Kale utaliona Daraja la Nyali la mwaka 1980, lililochukua nafasi ya daraja la kuelea la 1931. Zaidi ya hapo kuna Kilifi, daraja refu na la juu lililofunguliwa 1991 na kumaliza kazi ya feri. Kwenye mikono ya bahari kama hiyo tafuta nyaya za umeme kabla hujatafuta daraja. Waya hulegea kwa joto la mchana, na umeme wa nguvu kubwa unaweza kuruka hadi kwenye mlingoti kabla haujagusa. Akiba ya mita moja na nusu haitoshi kwa waya. Usipojua kimo chake, tia nanga nje, shuka kwa mtumbwi, na uwaulize watu wa pwani ile kabla hujausogeza mlingoti wako chini yake.